Acha Wakate Wenyewe: Jinsi ya Kuwaeleza Watu Matokeo ya Jaribio la Shambani

Msimu uliopita mmenitumia picha nyingi za vipande vya majaribio. Wengine mmelinganisha mbegu mbili za nyanya kule Mugango, wengine mbolea kwenye mahindi, wengine mihogo. Nimefurahi sana, kwa sababu mkulima wa biashara asiyepima chochote anacheza bahati nasibu. Ila baada ya picha swali linakuja lile lile: "Bwana shamba, matokeo ninayo, lakini nikiwaeleza watu hawanielewi. Nifanyeje?"

Swali hilo nalijua vizuri maana lilinipiga mimi kwanza. Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na shamba darasa la muhogo Butiama. Kipande kimoja tulipanda vipando tulivyokusanya kwa wanakijiji, kama watu wanavyofanya siku zote. Kipande cha pili tulipanda Mkombozi, mbegu iliyotoka TARI Ukiriguru kule Misungwi, vipando safi vilivyokaguliwa. Tukapalilia sawa, tukapanda siku moja, tukavuna siku moja. Matokeo yalikuwa mazuri mno, mpaka usiku kabla ya siku ya mkulima sikulala. Nilikaa natengeneza slaidi. Nilikuwa na grafu za nguzo zenye rangi, jedwali lenye safu saba, majina ya kitaalamu ya virusi, kila kitu.

Siku yenyewe tukaingia kwenye darasa la shule, tukaziba madirisha kwa kanga ili projekta ionekane, jenereta likawa linanguruma nje. Mbele walikaa viongozi. Wakulima walikaa nyuma, na wengine walisimama mlangoni. Nikaongea dakika hamsini. Tani kwa hekta, asilimia ya maambukizi, kila neno la kitaalamu nililokuwa nalo. Makofi yakapigwa, soda zikanywewa, picha ya pamoja ikapigwa. Nikaandika kwenye taarifa kwamba wakulima wamefikiwa.

Msimu uliofuata nikapita vijijini kwa pikipiki. Karibu wote waliokaa kwenye lile darasa walikuwa wamepanda vipando vile vile vya zamani, vya kupewa na jirani. Walipokuja kuvuna nilimkuta mama mmoja amekaa pembeni ya shamba lake na kisu. Anamenya muhogo, anakata, anatupa. Anamenya mwingine, anakata, anatupa. Alikuwa amepanga kuuza makopa alipie mahitaji ya mtoto anayeingia sekondari. Alichobaki nacho kilikuwa cha kula, tena si cha siku nyingi.

Nikamuuliza kwa upole kwa nini hakuchukua mbegu safi, na siku ile alikuwepo. Akanijibu bila hasira hata kidogo: "Mwanangu, siku ile ulikuwa unaongea na wakubwa zako. Sisi tuliwasindikiza."

Nilikosa la kusema. Na alikuwa sahihi. Hata nilivyosimama, mgongo wangu ulikuwa umeelekea mlangoni walikokuwa wakulima.

Tatizo lililojificha chini

Ili muelewe kwa nini zile slaidi zisingefanya kazi hata kama ningezipunguza, lazima nieleze kidogo ugonjwa wenyewe.

Muhogo una magonjwa makubwa mawili ya virusi kwetu. Batobato inaonekana kwenye majani: yanajikunja, yanakuwa na mabaka ya njano, hata mpita njia anaona. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni mjanja zaidi. Shina linaweza kusimama limependeza, majani yamejaa, ukasema huyu mwaka huu anavuna. Chini, mihogo imeoza uozo mkavu, ina mabaka ya kahawia, migumu kama kizibo. Unajua siku ya kukata tu, na siku hiyo umeshachelewa.

Magonjwa yote mawili yaliandikwa na watafiti kwa mara ya kwanza humu humu nchini kwetu. Batobato iliandikwa Usambara mwaka 1894. Michirizi ya kahawia iliandikwa mwaka 1936 na mtafiti Storey, aliyekuwa kituo cha Amani, Tanga. Kwa miongo mingi watu waliamini michirizi ni ugonjwa wa pwani na maeneo ya chini, huku juu kwenye Ziwa Victoria haufiki. Kuanzia mwaka 2004 ukaanza kuonekana Uganda kwenye maeneo ya mwinuko, na baadaye ukatuzunguka huku Kanda ya Ziwa.

Kwa hiyo yule mzee anayekwambia "sisi tumepanda mbegu hizi tangu enzi za baba zetu" hakudanganyi. Alichokiona maishani mwake ni kweli. Kilichobadilika ni kwamba mgeni ameingia baada ya yeye kujifunza.

Halafu kuna jambo la pili ambalo mimi na grafu zangu hatukulifikiria kabisa. Nzi weupe wanasambaza virusi hivi kutoka shamba hadi shamba la karibu. Safari ndefu virusi vinapanda bodaboda, ndani ya mzigo wa vipando tunaopeana sisi wenyewe. Na kwetu mbegu ya muhogo kwa kawaida hainunuliwi, mtu anapewa. Anapewa na mama mkwe, na jirani, na ndugu aliyetoka Majita. Ukisimama mbele ya watu ukasema "msichukue vipando kwa jirani" umewaambia wakatae zawadi. Hilo ni jambo zito, haliwezi kubebwa na nguzo mbili za rangi ukutani.

Kiabakari: panga, mizani na chaki

Mwaka uliofuata tukarudia na kikundi kingine karibu na Kiabakari. Safari hii projekta niliiacha ofisini. Nilibeba panga, mizani ya kuning'iniza, magunia mawili na chaki.

Watu walipofika tukaenda moja kwa moja shambani. Kulikuwa na mzee mmoja anayejulikana kwa ubishi, na nadhani kila kijiji kina wake. Nikamwamkia, nikamwomba: "Mzee, tuchagulie mashina kumi upande huu na kumi upande ule. Chagua unayotaka wewe." Akanitazama kama anayetafuta mtego, kisha akaanza kutembea kwenye mistari.

Hatua hiyo ndogo ndiyo ninayotaka muishike kuliko zote kwenye makala hii. Wakulima wetu wameshaona sana "muhogo wa maonesho", ule mmoja mnene kama paja la mtu unaolazwa mezani siku ya Nane Nane. Wanajua umechaguliwa. Ukichagua wewe mashina ya kung'oa, hata kama matokeo ni ya kweli, watu wanaanza kutafuta umeficha nini. Akichagua mbishi wao, hoja hiyo imekufa kabla haijazaliwa.

Tukang'oa. Vijana wakapima, namba zikaandikwa kwa chaki kwenye mlango wa stoo ya kikundi. Kisha nikawapa panga: kila muhogo ukatwe vipande, msafi uende kushoto, wenye kahawia uende kulia. Sikusema kitu. Baada ya muda lundo la kulia la mbegu ya zamani likawa linapanda tu. Watu wakanyamaza. Kijana mmoja, amechuchumaa na kipande mkononi, akasema polepole: "Kumbe hii ndiyo niliyompelekea shemeji yangu."

Hakuna slaidi ingeweza kusema hivyo.

Sasa msifikiri kila kitu kilikwenda sawa. Kwenye lundo la Mkombozi nako kulitokea mihogo michache yenye madoa. Sauti ikatoka nyuma: "Wewe mura, na huu je? Si ulisema mbegu yenu haiugui?" Nikakumbuka kosa langu la Butiama. Kule nilisema mbegu hii "inastahimili magonjwa", na watu walisikia "haiugui". Ni tofauti kubwa. Kustahimili maana yake inaweza kushambuliwa na bado ikakupa mavuno ya maana. Haina maana kwamba virusi vinaiogopa. Na ukiirudia rudia kwenye shamba lililozungukwa na mihogo inayoumwa, nayo itazidi kupungua, hivyo inabidi uchague vipando vyako kila msimu na baada ya muda utafute vipya vilivyokaguliwa.

Nikauinua ule muhogo wenye madoa juu wote wauone, nikaeleza hivyo hivyo. Nilidhani nitapoteza watu. Badala yake maswali yakawa ya mtu anayepanga kununua: vipando vinapatikana wapi, heka moja inataka vipando vingapi, nitajuaje kama muuzaji amekaguliwa. Mimi naamini ule muhogo mbovu ndani ya lundo zuri ndio uliotufanyia kazi siku ile. Tangu hapo nikiwa na kipande kilichoshindwa shambani, sikifichi kwa kona. Ndiko ninakoanzia ziara.

Mambo haya hayakuanza na mimi. Mwaka 1973, enzi za Mwalimu, kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wenu wanaikumbuka. Mambo ya malaria, kuhara na kichocho yaliyokuwa kwenye vitabu vya madaktari yalishushwa hadi kwenye vipindi vya redio na vijitabu. Watu wakaa kwenye vikundi, wakasikiliza pamoja, wakajadili, kisha wakakubaliana la kufanya pale pale kijijini: kuchimba vyoo, kusafisha mazingira ya nyumba, kulinda maji. Walioshiriki walifika watu karibu milioni 2, kwa nchi ambayo televisheni Bara haikuwepo. Ukiichunguza, redio ilikuwa sehemu tu. Kila kikao kilimalizika kwa jembe.

Karibu na zama zetu, mwaka 2017 watafiti wa Tanzania, Uganda na Kenya pamoja na wenzao wa nje walianza kutembea mashambani na kifaa cha kusoma vinasaba kinachoenea kiganjani, kinachochomekwa kwenye kompyuta. Zamani sampuli ya jani ilisafirishwa maabara za mbali na mkulima akasubiri miezi, kama jibu lilimrudia kabisa. Kwa kifaa kile mkulima aliweza kujua virusi gani viko kwenye mihogo yake ndani ya siku chache tu, mbegu ikiwa bado haijagawiwa. Matokeo mazuri yakimfikia mtu akiwa ameshapanda, umempa huzuni tu.

Namba: zishushe mpaka zifike mkononi

Hapa naomba mtulie, maana ndipo vijana wengi wasomi mnaharibu.

Taarifa za utafiti zinaandikwa kwa tani kwa hekta, na watafiti wana sababu zao. Lakini ukisimama Nyamuswa ukasema "tani 20 kwa hekta" umesema hewa. Fanya hesabu hii. Muhogo ukipandwa mita moja kwa mita moja, hekta inabeba mashina 10,000, heka kama 4,000. Kwa hiyo tani 20 kwa hekta ni sawasawa na kilo 2 kwa shina. Tani 8 kwa hekta ni gramu 800 kwa shina. Sasa sema "kilo mbili kwa shina". Mtu ataenda kwake jioni, atang'oa shina moja, ataazima mizani ya dukani, atapima. Umempa namba anayoweza kukuhakiki nayo. Na kwa mazao yasiyohesabika kwa shina, tani moja kwa hekta ni takribani kilo 400 kwa heka. Gawanya kwa uzito wa gunia lenu la eneo hilo, umemaliza.

Asilimia nazo ziogopeni. "Mavuno yaliongezeka kwa asilimia 100" inaweza kuwa kutoka gunia mbili kwenda nne. Jirani yako anayevuna kumi atasikia ishirini, na asipozipata atakuita tapeli mpaka unazeeka. Sema zilikuwa ngapi, zikawa ngapi. Vivyo hivyo kwenye ugonjwa: badala ya "maambukizi asilimia 30", sema "kati ya mihogo kumi tuliyokata, mitatu ilikuwa mibovu", na uipange kumi mezani kama inawezekana.

Halafu fedha. Nyinyi mnalima biashara, basi msiishie kwenye magunia. Chukua mfano huu, namba ni za kufundishia tu. Tuseme mbolea imekuongezea gunia 4 za mahindi kwa heka, na gunia ni shilingi 60,000. Hiyo ni 240,000, watu watapiga makofi. Sasa toa mbolea 150,000, toa vibarua na usafiri 40,000. Kimebaki 50,000. Bado ni faida. Lakini bei ikishuka hadi 45,000, gunia zako nne ni 180,000, na umetumia 190,000. Umeongeza mavuno na umepata hasara ya 10,000. Ukiwaonyesha watu mstari wa kwanza tu, bei ikianguka lawama ni zako. Waonyeshe miwili, waamue wenyewe. Kuna waliosema kwa bei hiyo hawatumii mbolea, na siwezi kusema wamekosea.

Pia taja ulipofanyia jaribio na mvua ilivyokuwa. Kichanga cha Musoma karibu na ziwa si sawa na udongo mweusi wa mbuga kule Bunda, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika. Kilichofanya vizuri vuli kinaweza kuaibika masika. Jaribio la msimu mmoja ni la msimu mmoja. Sema "kwangu, kwa mvua ile, ilikuwa hivi." Hakuna atakayekudharau, na wakulima wa pamba wa Bunda wanaojua UK91 na UKM08 wataelewa haraka kuliko mtu yeyote kwamba mbegu ina mahali pake.

Kama ni lazima utumie grafu, iwe moja, maneno yake yawe ya Kiswahili, na mstari wa pembeni uanze sifuri. Niliwahi kuona grafu ya mavuno iliyoanzia 10, nguzo moja ikaonekana mara tatu ya nyingine wakati tofauti ilikuwa gunia mbili. Nje kwenye jua projekta haionekani, bango kitita na kalamu nene vinatosha kabisa.

Kijana wa Bunda na kamati

Hadithi ya pili ni ya kijana anayelima vitunguu upande wa ziwa, Bunda. Nusu ya shamba alimwagilia kwa mifereji, nusu kwa matone. Kila siku aliandika kwenye daftari petroli aliyoweka kwenye pampu. Alitaka mkopo wa vijana aongeze mabomba ya matone. Hapa mnajua utaratibu: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, na kati ya hizo asilimia 4 ni za vijana, na mnakwenda mkiwa kikundi.

Aliposimama mbele ya kamati alipewa dakika kumi. Alikuwa na slaidi 32. Dakika sita ziliisha kwenye umuhimu wa kilimo nchini, asili ya kitunguu na picha za wanakikundi wakiwa wamevaa fulana. Mwenyekiti akamkatiza: "Kijana, mnaomba shilingi ngapi na mtarudisha lini?" Jibu lilikuwa slaidi ya 29. Akaanza kuitafuta, simu ikagoma, muda ukaisha. Walirudi nyumbani kwenye boda moja, watatu, hakuna aliyeongea. Msimu mzima ukapita wakibeba petroli ile ile.

Tulipokaa naye nikamuuliza kitu kimoja: kamati ikikumbuka sentensi moja tu kutoka kwako, unataka iwe ipi? Alihangaika karibu saa nzima. Mwishowe ikatoka: "Kwa matone tunatumia petroli pungufu kwa wiki, haya hapa maandishi, tunaomba kiasi hiki, na tutarudisha baada ya mavuno mawili." Mambo mengine yote yakaenda nyuma ya karatasi moja. Na nikamwambia lile daftari lenye matope na mafuta asilichape upya kwenye kompyuta. Aende nalo lilivyo, na risiti zake za petroli. Daftari chafu linaonyesha lilikuwa shambani.

Safari ya pili alimaliza kwa dakika nne. Zilizobaki walimuuliza maswali, na kabla hajaondoka wakapanga siku ya kwenda kuliona shamba. Hiyo ilitosha kwa siku ile.

Angalieni tofauti. Pale Kiabakari nilianza na tatizo na matokeo yakatoka mwisho, kwenye ncha ya panga, kwa sababu watu walihitaji kulifikia wenyewe. Kwa kamati, matokeo na ombi vinatangulia, kwa sababu anayekusikiliza ana mafaili mengine ishirini mezani. Mnunuzi naye ni mtu mwingine kabisa. Hana haja na mbegu yako ilivyoishinda ya zamani, anataka kujua utampa mzigo kiasi gani, wiki gani, na kama wa mwezi ujao utafanana na wa leo. Mkipata banda Nyakabindi siku za Nane Nane, kumbukeni anayepita hapo ana nusu dakika kabla hajavutwa na muziki wa banda la jirani. Muhogo uliokatwa, bei iliyoandikwa kubwa, na mtu asiyeangalia simu. Inatosha.

Jaribio dogo la mwisho, nalifanya kila mara sasa. Kabla watu hawajatawanyika namchagua mmoja aliyekaa kimya, nasema: "Mama, ukifika nyumbani ukiulizwa bwana shamba kasema nini, utajibuje?" Nanyamaza. Anachosema ndicho nilichowasilisha, hata kama kwenye karatasi yangu kuna kingine. Mara moja nilijibiwa, "Umesema tuje na kitambulisho." Ilibidi nianze upya.

Kuna swali moja la Kiabakari bado nadaiwa. Watu wakiwa wanaosha mikono, mama mmoja aliuliza: "Na udaga wake ukoje?" Nilikuwa nimepima uzito, nimehesabu ugonjwa, nimepiga hesabu ya fedha. Udaga sikugusa, na kwa nyumba nyingi hapa muhogo usiotoa udaga mzuri haupandwi hata ukizaa kilo tano kwa shina. Nikasema sijapima. Akachukua mihogo kwenye kapu, wa huku na wa kule, na wenzake watatu wakachukua pia.

Basi siku ya mkulima ijayo wanakuja na majibu yao. Mbegu zote mbili zitakuwa zimelowekwa, zimekaushwa na kusagwa na wao wenyewe, na ugali utasongwa pale pale. Mimi nitashika chaki mlangoni na kuandika watakachosema. Vijana wa Bunda na Musoma mnaotaka kuja, tarehe nitaitangaza hapa mashina yakikomaa. Njooni na panga zenu, na mwenye mizani ya kuning'iniza aje nayo, ya kwangu ndoano imekatika.